Twaha wa Salamu

Mimi nina mdomo, na wanaonijua hawahitaji kuambiwa. Miaka ishirini nimeshona nguo soko la Lushoto na sijawahi kushindwa na mteja, awe mke wa mchungaji au dereva wa lori la kabeji. Lakini siku moja mdomo huo ulitakiwa useme neno moja tu la kweli, ukafyata ulimi. Nitafika huko. Kwanza niwaeleze Twaha alikuwa nani, maana wanaomwona leo amekaa kimya mbele ya kibanda chake hudhani ndivyo alivyozaliwa.

Kibanda chake na changu vinatenganishwa na ukuta wa mabanzi, na mabanzi yenyewe yamepishana, kwa hiyo miaka yote hiyo nimeyasikia yake na yeye ameyasikia yangu. Mimi Mkatoliki, yeye Mwislamu, wote Wasambaa, na kila asubuhi kwenye ukungu tulipokezana kijinga cha moto kwa ajili ya jiko. Aliniita dada Jeni. Jina langu ni Jenoveva, lakini kwake lilikuwa refu mno.

Wakati ule wa ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara, kila kitu kilipanda mlima huu: mitumba, betri, redio za Dubai, miwani ya jua. Twaha naye akapandisha dabo deki, mashine ya kaseti yenye midomo miwili. Mdomo mmoja unameza kanda yenye nyimbo, wa pili unameza kanda tupu, ukisubiri kidogo unazo kanda mbili zinazoimba wimbo uleule. Aliileta kutoka Tanga imefungwa ndani ya blanketi, na nadhani mkewe Mwanaisha alilala na baridi wiki ile.

Wapo wengine waliokuwa wakirekodi kanda. Hakuna aliyekuwa kama Twaha, na sababu ni moja. Mteja akija na kanda tupu, Twaha hakumwuliza anataka taarabu, dansi au kwaya. Alimwuliza, "Unamsalimia nani?"

Basi alifungulia kipaza sauti kidogo, akakohoa, na ile sauti yake nene ikaanza. "Kanda hii imerekodiwa na mimi, Twaha Shekalaghe, sokoni Lushoto, kibanda cha pili kutoka kwa wauza mapeasi. Ni mali ya mzee Mussa wa Mtae. Anamsalimia mwanawe aliyeko Mombo, anamwambia viazi vimekubali na ng'ombe amezaa jike. Onga mshi, wagosi! Haya, burudikeni." Baada ya salamu hiyo ya Kisambaa ndipo muziki ulipoanza. Kanda ilishuka Mombo na basi, ikasikilizwa, ikarudi Mtae imebeba salamu za majibu upande wa pili. Wapo watu waliopata habari za posa, misiba na bei ya karoti kwa njia hiyo. Ninawajua wazee waliokuwa wakisikiliza salamu mara tatu na kuzima redio wimbo ulipoanza, ili wasimalize betri.

Kanda za video pia alizinakili, kwa deki mbili za kuazima zilizounganishwa kwa waya. Alimfanyia Hamisi, mwenye banda la video pale karibu na stendi, na Hamisi akawaonyesha vijana filamu za ngumi kila Jumapili baada ya soko. Hakuna aliyewahi kujiuliza filamu ile ni ya nani. Ni kama kuuliza ukungu ni wa nani.

Mwaka elfu mbili kwaya ya Kilutheri ya Mgwashi ilitoa kanda yake. Nakumbuka vizuri kwa sababu majoho niliyashona mimi, ya rangi ya zambarau, na kola nyeupe ambazo zilinitoa machozi. Walilima, wakauza viazi, wakaenda Arusha kurekodi studio, wakarudi na maboksi ya kaseti zenye picha ya kwaya nzima imesimama mbele ya kanisa. Ilikuwa kanda nzuri. Mimi mwenyewe niliipenda. Na niseme ukweli hata kama unaniaibisha: sikuinunua kwao. Nilivuka ukuta wa mabanzi, nikampa Twaha kanda tupu, akanirekodia, akaweka na salamu zangu kwa dada yangu aliyeolewa Soni. Nilijua maumivu ya kola zile, na bado nikafanya hivyo.

Siku moja ya soko mwalimu Timotheo, kiongozi wa kwaya ile, alikuja kibandani kwa Twaha. Mzee mrefu, mpole, mwenye koti lisilobadilika. Twaha aliruka kutoka kwenye kigoda.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba, Twaha. Hujambo na watoto? Mama yao?"

"Hatujambo, mwalimu. Karibu ukae."

Mwalimu hakukaa. Alitoa kanda mfukoni akamwomba aipige. Sauti ya Twaha ikatoka, ikamsalimia mjane mmoja wa Mtae na wajukuu zake, halafu kwaya ya Mgwashi ikaanza kuimba. Mimi upande wangu nilisimamisha cherehani.

"Nilikwenda Mtae kwa semina," mwalimu alisema. "Nimelala siku mbili. Nimeusikia wimbo wetu katika nyumba nne. Nilifurahi, Twaha, Mungu anajua nilifurahi. Nikaomba kuona makava. Hakuna hata nyumba moja iliyokuwa na kava. Maboksi yetu yamejaa ofisi ya usharika, panya wameanza kula picha zetu."

"Mwalimu, mimi nawatangaza tu."

"Unatutangaza," mwalimu alikubali. "Ila hakuna anayetununua." Akaaga vizuri, akaondoka. Angegombana, tungemsahau kesho yake. Ule upole ndio uliotuingia mifupani.

Wiki mbili hazikupita, akaja Jafari, kijana wa Tanga aliyekuwa akituletea kanda tupu. Safari hiyo hakuwa na mzigo wowote. Alisimama katikati ya vibanda vyetu viwili akazungumza chini chini, na Jafari si mtu wa kuzungumza chini chini.

"Kuna sheria ya hakimiliki," alisema. "Ilipita bungeni mwaka juzi, sasa ndiyo imeanza kutembea. Nimeona kwa macho yangu duka linakombwa. Kanda, mashine, mpaka meza. Mwenyewe kapandishwa gari."

"Kwa kanda tu?" niliuliza.

"Kwa kanda tu, dada. Wanasema ni wizi kama wizi mwingine. Faini yake mamilioni. Usipoiweza unafungwa miaka."

Twaha alicheka, lakini kicheko kilikufa kabla hakijafika kwenye meno. "Watajuaje ni mimi? Kanda haina alama."

Jafari alimtazama. Mimi nikamtazama. Kila mmoja wetu alifikiri jambo lilelile, na tukaliona linamfikia na yeye, polepole, linashuka usoni mpaka kwenye mikono. Kanda zake zote, kutoka Mtae hadi Mombo, zilianza kwa jina lake, ukoo wake, na kibanda cha pili kutoka kwa wauza mapeasi.

Tangu siku ile Twaha alianza kuwindwa na sauti yake mwenyewe. Sitanii. Alikuwa akipita kwa kinyozi, akasikia "mimi, Twaha Shekalaghe", akaingia ndani mbio na kuzima redio, kichwa cha mteja kimenyolewa nusu. Alikuwa akila maharage hotelini, sauti ikatoka jikoni, akaacha sahani. Lori la kabeji lilipita barabarani likimsalimia mtu wa Lukozi kwa sauti yake, na Twaha akalikimbilia mpaka kwenye kona, halafu akarudi anahema, amejishika kiuno. Msikitini alikuwa ndiye mtangazaji wa misiba, naye akaomba apewe mwingine. Mwanaisha alinijia kibandani macho yamevimba.

"Hazungumzi tena nyumbani, dada Jeni. Akizungumza ananong'ona. Mtoto kamwita kwa sauti kubwa uani, akamziba mdomo."

Nilimwambia yatapita. Nilirudi kwangu nikaitoa kanda yangu ya kwaya, ile yenye salamu za dada yangu, nikaizika kwenye debe la unga. Hofu ni kama upele, ukimkaribia mwenye nao unaanza kujikuna.

Hamisi alifunga banda lake la video wiki hiyohiyo, akaligeuza ghala la viazi. Vijana walikuja Jumapili, wakasimama mlangoni wakanusa viazi, wakaondoka. Wapo wanaodhani vijana wale walikwenda kununua filamu halali. Wapi? Duka la karibu la filamu halali lilikuwa mbali kuliko mshahara wao. Walikwenda kucheza karata, basi.

Twaha akaamua kuzirudisha kanda zake. Alifunga kibanda akapanda Mgwashi kwa miguu, nyumba hadi nyumba, akiomba apewe kanda ili afute maneno ya mwanzo. Alirudi baada ya siku tatu na kanda nne na gunia la mahindi aliyozawadiwa. Watu walimkaribisha, walimpikia, walimchinjia kuku. Lakini kanda walimnyima. Kikongwe mmoja alimwambia waziwazi, "Mwanangu, chukua nyimbo zote uwarudishie wenyewe. Hizo salamu ni zangu."

"Kanda nne, dada Jeni," aliniambia kupitia kwenye mabanzi. "Bado Mtae. Bado Bumbuli yote. Bado Soni na Mombo. Nitakamatwa miguu ingali njiani."

Na hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Niliposema nilikuwa napinda suruali, hata sikuinua macho.

"Mbona unajitesa? Watangazie. Rekodi tangazo, mpe Mbaraka alipige kwenye basi. Kila mtu wa mlima huu anapanda basi la Mbaraka. Warudishe wenyewe."

Hivyo ndivyo sisi tunavyofanya mambo. Ng'ombe akipotea, mtoto akifaulu, msiba ukitokea, unapeleka kanda kwa dereva wa basi, na kabla basi halijamaliza kona za mlima watu wameshajua. Sikufikiri zaidi ya hapo. Twaha naye, kwa jinsi hofu ilivyokuwa imemkaba, aliona nimemtupia kamba shimoni. Usoni damu ilirudi. Aliwasha mashine kwa mara ya kwanza baada ya mwezi, akakohoa, na sauti ile ikajaa kibanda. Nilifurahi kuisikia. Nilifurahi kama mjinga.

"Ndugu zangu wa milimani, ni mimi Twaha Shekalaghe wa sokoni Lushoto. Yeyote mwenye kanda niliyomrekodia, iwe ya kwaya ya Mgwashi, iwe ya taarabu, iwe ya video, naomba anirudishie kimyakimya kabla wakubwa hawajafika."

Kimyakimya, kwenye spika za basi. Sikuliona hilo. Yeye hakuliona. Na kama angeishia hapo labda mtu angeweza kusema ni utani. Lakini Twaha alilelewa vizuri. Kanda isiyo na salamu kwake ilikuwa kama kuingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi. Basi aliendelea. Alimsalimia mzee Mussa wa Mtae mwenye kanda sita. Alimsalimia Secilia wa Mgwashi mwenye kanda mbili za kwaya. Alimsalimia Hamisi, mwenye banda la video. Akawataja wateja wake wakubwa mmoja mmoja, kwa majina, kwa vijiji, kwa hesabu ya kanda zao, na kila mmoja akamtakia afya. Mwisho akashusha sauti kwa heshima. "Na salamu za mwisho ni kwa dada yangu Jenoveva, fundi wa nguo jirani yangu, aliyenishauri jambo hili jema. Hongea, dada, asante sana."

Mbaraka aliipiga kanda ile kutoka Lushoto mpaka Tanga, na siku ya pili akaipiga kutoka Tanga kurudi Lushoto. Watu wawili walipandia Tanga, mmoja na mkoba, mwingine na miwani, wamevaa viatu vya mjini. Walipofika Mombo basi likaanza kupanda mlima, kanda ikaanza tena. Yule wa miwani alisogea mbele akamgusa dereva begani.

"Samahani ndugu, unaweza kuirudia?"

Mbaraka alituhadithia baadaye huku amejishika kichwa. Alidhani ni jamaa wa mmoja wa waliosalimiwa. Aliirudia kwa furaha. Yule wa mkoba alitoa daftari, na kona zote za Soni akawa anaandika.

Nilikuwa natia uzi kwenye sindano walipofika. Niliviona viatu kwanza. Soko lina namna yake ya kunyamaza, linaanzia mbali kwa wauza samaki wakavu, linakuja kama mvua juu ya mabati. Wale watu walitafuta wauza mapeasi, wakahesabu kibanda cha kwanza, kibanda cha pili. Niliwaona wanahesabu kwa kidole. Nilitamani ardhi ipasuke, kwa ajili yake na kwa ajili yangu, na sijui ni kwa ajili ya nani zaidi.

Twaha alikuwa amekaa kwenye kigoda, midomo ameibana. Tulishakubaliana, mtu mgeni akija yeye hazungumzi, anaonyesha koo kwamba linamuuma, nami ninajibu. Tulilifanyia hata mazoezi.

Yule wa miwani alisimama mbele yake, akaweka mkono kifuani. "Asalamu aleikumu," alisema.

Sasa mimi niulize, Mwislamu aliyelelewa na bibi yake atafanya nini? Unaweza kumnyima mtu kanda, unaweza kumnyima mtu mali, huwezi kumnyima salamu. Twaha alifumba macho. Nilimwona anapigana nayo. Halafu ikatoka, nene, kamili, kama kwenye kanda zote za milima hii.

"Waaleikumu salaam."

Yule wa mkoba alimtazama mwenzake. "Ndiyo yenyewe," alisema.

Hawakumpiga, hawakumtukana, siwezi kuwasingizia. Walijitambulisha, wakaonyesha vitambulisho, wakasema kuna malalamiko ya maandishi ya kwaya. Walichomoa ile dabo deki, wakazijaza kanda kwenye magunia. Ndipo yule wa mkoba akafungua daftari, akageuka upande wangu.

"Wewe ndiye Jenoveva, fundi wa nguo?"

"Ndiyo, baba." Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi, nami nikamwita baba.

"Wewe ndiye uliyemshauri azikusanye hizi kanda zifichwe kabla hatujafika?"

Soko zima lilikuwa linanitazama. Akilini niliwaona wanangu watatu, niliiona cherehani yangu inapakiwa juu ya yale magunia, nikaliona debe la unga. Mdomo huu, ambao haujawahi kumwogopa mtu, ulikauka mpaka ulimi ukagota.

"Hapana," nilisema. "Mimi nashona tu. Sijui mambo ya kanda. Amejitungia."

Twaha alinitazama kupitia kwenye mabanzi. Si kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeishi nayo. Alinitazama kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri, kisha akainamisha kichwa.

"Ni kweli," alisema. "Nimejitungia. Dada hajui kitu."

Walimpandisha gari. Alilala kituoni siku tano, na siku tano hizo hakuna aliyesikiliza redio soko la Lushoto. Mzee Mussa aliitwa kutoka Mtae, akaja na kanda zake sita zimefungwa kwenye kanga, analia kama mtoto. Secilia aliitwa. Hamisi alitorokea Korogwe. Kila aliyewahi kusalimiwa alikuwa anahesabu siku zake. Sikulala usingizi hata siku moja wiki ile, na hata Mwanaisha alipokuja kuniomba niende kituoni kumwona mumewe, nilimwambia nina majoho ya arusi. Sikuwa na majoho yoyote.

Aliyekwenda ni mwalimu Timotheo. Yeye mlalamikaji mwenyewe ndiye aliyepanda mlima na kushuka, akawaambia wale maofisa kwamba kwaya haikutaka mtu afungwe, ilitaka kunakili kuishe. Wakazungumza sana. Mwishowe Twaha aliandikiwa onyo, akatia dole gumba na saini vyote viwili ingawa waliomba saini tu. Kanda zilichomwa moto nyuma ya soko, moshi wake mweusi unaonuka ukatuingia kwenye vitambaa. Mashine haikurudi.

Basi sheria ikawa imefanya kazi yake, na mwalimu akaleta maboksi yake sokoni, kanda halali zenye kava na picha na majoho yangu ya zambarau. Twaha akakubali kumuuzia. Watu walikuja. Siku ya kwanza akaja mkulima kutoka Mtae, akaigeuzageuza kanda, akaomba ijaribiwe. Kwaya ikaimba mara moja, bila utangulizi.

"Nzuri," alisema. "Lakini hii inamsalimia nani?"

"Haimsalimii mtu," nilimjibu mimi, maana Twaha hajibu. "Ni nyimbo."

Aliirudisha mezani. Wengine walinunua, siwezi kusema hawakununua. Zilitoka zaidi ya mwanzo, na mwalimu alinunua kinanda. Lakini maboksi mengi yalibaki, na milimani huko watu walinyamazisha redio zao wakarudi kutumiana habari kwa wapita njia.

Mwalimu Timotheo si mjinga. Baada ya miezi mitatu alikuja na karatasi yenye muhuri wa usharika na saini za wanakwaya wote, na chini ya kwapa amebeba redio kaseti yenye kitufe cha kurekodi. Alitusomea. Kwaya inampa Twaha Shekalaghe ruhusa ya kuweka salamu za mteja mwanzoni mwa kila kanda halali atakayoiuza. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa amefikiri sana, mzee yule.

Twaha alimwomba aisome tena. Akaisoma. Akaniomba nichungulie nje nione kama kuna viatu vya mjini. Nikachungulia, hakuna, ni mama mmoja tu anapanga mapeasi. Akaivuta redio karibu, akabonyeza, akafungua mdomo.

"Kanda hii..." alisema.

Tukasubiri. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na ilikuwa Julai, baridi ya kuvunja meno. Mkono ulikuwa bado kwenye kitufe. Kanda ilizunguka, ikazunguka, mpaka mwalimu mwenyewe akanyoosha kidole akaizima taratibu.

"Tutajaribu siku nyingine, mwanangu."

Mwaka ukapita, hawakujaribu tena. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ile redio ilibaki pale mezani, Twaha akiitumia kuwajaribishia wateja kanda, anawaonyesha bei kwa vidole. Nami mwaka mzima niliketi upande wangu wa ukuta nikiongea na kila mtu ila yeye. Neno lile la kweli nilikuwa bado sijampa.

Juzi nikashindwa. Nilikunja kitambaa, nikazunguka, nikaingia kibandani kwake. Sikukaa.

"Twaha," nilisema. "Ni mimi niliyekushauri. Wanangu, cherehani, sijui. Niliogopa. Nikakukana mbele ya watu, na wewe ukaniokoa. Naomba unisamehe."

Twaha aligeuka, akachomoa waya wa redio ukutani. Akaipindua, akafungua kifuniko cha nyuma, akatoa betri, moja, mbili, tatu, nne, akazipanga mezani mbele yangu ili nione kwamba redio ile haiwezi tena kunasa sauti. Akainamia sikioni kwangu.

"Yameisha, dada," alinong'ona.